Sentensi za Masharti: Maana Itangulie Kanuni

Miongoni mwa mada zinazowatia hofu wanachuo wetu waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, sentensi za masharti katika somo la Kiingereza hazikosi kutajwa. Tumewasikia wakiulizana bwenini usiku wa kuamkia kipindi: “Ile aina ya pili huanza na kitenzi gani?” Swali hilo lenyewe laonyesha ugonjwa ulipo. Mwalimu aingiaye darasani akiwa na wasiwasi juu ya namba ya aina, wala hana wasiwasi juu ya maana ya sentensi, atawafundisha watoto namba. Watoto nao watazishika namba, na Kiingereza hawatakishika.

Katika makala haya twataka kutoa maoni yetu juu ya jambo hili. Hatudai kwamba tumegundua njia mpya. Twaeleza yale tuliyoyaona katika shule za Kyela, kando ya ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambako tumekuwa tukiwakagua wanachuo, na yale ambayo tumeyajaribu sisi wenyewe tukaona yanafaa.

Tuliyoyaona darasani

Katika shule moja isiyo mbali na ufuko, mwanachuo alikuwa ameandaa somo lake kwa bidii. Andalio la somo lilikuwa safi, maandishi ya ubaoni yalisomeka hata kutoka dawati la mwisho. Aliandika safu tatu: aina ya kwanza, aina ya pili, aina ya tatu. Chini ya kila safu aliweka kanuni yake, kisha darasa likaimba kanuni hizo mara nne au tano. Baadaye akawataka wanafunzi watunge sentensi zao wenyewe. Darasa likanyamaza kimya. Hatimaye msichana mmoja akanyosha mkono, akasema: “If I would have a canoe, I would go to Matema.”

Mwanachuo akatikisa kichwa, akaiandika sentensi hiyo ubaoni, akaipiga mstari mwekundu, akaandika iliyo sahihi pembeni: “If I had a canoe, I would go to Matema.” Msichana akaketi. Hakunyosha mkono tena hadi kipindi kikaisha.

Kipindi kilipokwisha tulimwita yule msichana, tukamwomba atuambie kwa Kiswahili kile alichotaka kusema. Akajibu bila kusita: “Ningekuwa na mtumbwi, ningekwenda Matema.” Hapo ndipo tulipotambua kwamba hakukosea kwa uvivu wala kwa kutosikiliza. Alikuwa amefikiri vizuri sana. Katika Kiswahili, alama ya -nge- hukaa katika vishazi vyote viwili: ningekuwa, ningekwenda. Basi naye aliuchukua “would” akauweka pande zote mbili, kama lugha yake ilivyomfundisha. Kosa lake lilikuwa na mantiki, na mwalimu wake hakuiona mantiki hiyo kwa sababu alikuwa akitazama safu zake tatu.

Jambo jingine lilikuwa zito zaidi, ingawa lilipita bila mtu kulishika. Katika daftari la mvulana mmoja tulisoma: “If my father comes back from the lake, we will eat fish.” Mwanachuo alikuwa ameweka alama ya vema, na kwa kanuni za safu ya kwanza hakuna aliyeweza kumlaumu. Tulimwuliza mvulana: je, baba amekwenda ziwani? Akasema amekwenda tangu jioni kuvua usipa kwa taa, naye atarudi asubuhi kama kawaida yake. Mtoto huyu hakuwa na shaka yoyote juu ya kurudi kwa babaye. Kwa Kiswahili alikuwa akiwaza “Baba akirudi, tutakula samaki.” Lakini msomaji wa Kiingereza akutanaye na “if” mahali hapo ataelewa kwamba huenda baba asirudi.

Ndugu wanachuo, kwa watu waishio kando ya ziwa, tofauti hiyo si jambo dogo la sarufi. Ziwa lina mawimbi, na zipo nyumba ambazo mtu alikwenda asirudi. Sentensi iliyopewa alama ya vema ilikuwa ikisema jambo ambalo mtoto hakulikusudia, na ambalo asingependa kulisema.

Alama moja ya Kiswahili, maneno mawili ya Kiingereza

Chanzo cha mkanganyiko huo ni alama ya -ki-. Katika Kiswahili -ki- hufanya kazi mbili. Twasema “Mvua ikinyesha, hatutakwenda shamba,” na hapo hatujui kama itanyesha. Twasema pia “Jua likizama, tutarudi nyumbani,” na hapo hakuna mwenye shaka kwamba jua litazama. Mazingira ndiyo yatuambiayo ni ipi. Watoto wengi wa Kyela nyumbani husema Kinyakyusa, na huko nako hukutana na neno linga, ambalo hutumika mahali ambapo Kiingereza kingesema “if” na hata mahali ambapo kingesema “when”. Kwa hiyo mtoto huyu huja darasani na lugha mbili ambazo hazijamlazimisha kuchagua. Kiingereza chamlazimisha kuchagua, tena kabla hajamaliza neno la kwanza la sentensi.

Basi somo la kwanza la masharti halipaswi kuwa juu ya vitenzi hata kidogo. Liwe juu ya shaka na hakika. Mwalimu na ataje mambo ya mahali hapo, wanafunzi waseme kama jambo hilo lina hakika au lina shaka. Jua likizama: hakika. Mto Kiwira ukifurika wiki hii: shaka. Kengele ya shule ikilia: hakika. Nikipata pesa sokoni Ipinda: shaka. Penye hakika waseme “when”. Penye shaka waseme “if”. Zoezi hili halihitaji zana yoyote wala karatasi, na darasa lenye wanafunzi wengi laweza kulifanya kwa kusimama na kuketi.

Kadhalika kuna alama ya -sipo-. Twasema “Usipofika mapema, utakosa boti.” Kiingereza kina njia mbili: “If you do not come early, you will miss the boat,” au “Unless you come early, you will miss the boat.” Hapa watoto huweka ukanushi mara mbili, wakasema “Unless you do not come early.” Sababu yake yaonekana wazi: wamezoea kuusikia ukanushi ndani ya kitenzi, nao hawajaambiwa kwamba neno “unless” tayari limeubeba. Mwalimu akilieleza hilo mara moja, akawapa methali waliyoizoea, “Usipoziba ufa, utajenga ukuta,” wakaitafsiri kwa njia zote mbili, hawatasahau.

Kwa nini wakati uliopita?

Sasa turudi kwa msichana wa Matema. Tatizo lake halimaliziki kwa kumwambia aweke “had” badala ya “would have”. Mtoto mwenye akili atauliza: “Mwalimu, ‘had’ si wakati uliopita? Mimi nasema habari za leo.” Tumewahi kumsikia mwalimu akijibu swali hilo kwa maneno “Ndivyo Waingereza walivyoamua.” Jibu hilo hufunga mlango. Mtoto akiambiwa kwamba lugha haina sababu, hataitafuta sababu tena.

Ukweli ni kwamba umbo la wakati uliopita katika Kiingereza halielezi wakati peke yake. Hueleza pia umbali. Jambo lililopita liko mbali nasi kwa wakati. Jambo la kuwaza tu liko mbali nasi kwa uhalisi. Kiingereza hutumia umbo lile lile kwa umbali wa aina zote mbili. Mtoto akiishika fikra hiyo moja, zile safu tatu hugeuka kuwa hatua tatu za safari moja.

Sisi tumekuwa tukilieleza jambo hili kwa mfano wa mtumbwi. Chora ubaoni, au mchangani nje ya darasa, mstari wa ufuko.

Mtumbwi wa kwanza uko ufukoni, mtu aweza kuugusa. Hilo ni jambo linaloweza kutokea: “If the rain stops, we will go to the farm.” Kitenzi kiko katika wakati uliopo, kwa kuwa jambo liko karibu.

Mtumbwi wa pili umesukumwa majini, unaelea. Twauona lakini hatuwezi kuupanda. Hilo ni jambo la kuwaza tu: “If I had a canoe, I would go to Matema.” Sina mtumbwi. Kitenzi kimerudi nyuma hatua moja: “have” imekuwa “had”, na “will” imekuwa “would”.

Mtumbwi wa tatu umekwisha potea machoni. Hilo ni jambo lililokwisha pita, wala halibadiliki tena: “If I had come early, I would have caught the boat.” Sikufika mapema, na boti imekwenda. Kitenzi kimerudi nyuma hatua ya pili.

Kila hatua ya kwenda mbali na ufuko ni hatua moja ya kitenzi kurudi nyuma. Tumeona wanafunzi wa Darasa la Sita wakisimama mahali pa mtumbwi wa kwanza, wakasogea wenyewe hadi wa pili na wa tatu huku wakibadili sentensi ile ile: “If I have time, I will help you”, “If I had time, I would help you”, “If I had had time, I would have helped you.” Miguu yao iliwafundisha kile ambacho safu za ubaoni hazikuweza.

Nayo kweli ya daima, ambayo vitabu vingine huipa namba sifuri, ina mwenzake mwema katika Kiswahili: -ki- ikifuatwa na hu-. Vitabu hupenda kutoa mfano wa barafu ikipashwa moto. Mtoto wa Kyela ana mfano wa karibu zaidi. Wafinyanzi wa Kikisi wa upande wa Ikombe, ambao vyungu vyao huuzwa Matema, wajua vema kwamba chungu kibichi kikikaushwa upesi juani hupasuka. “If a wet pot dries too fast, it cracks.” Vishazi vyote viwili viko katika wakati uliopo, kwa sababu jambo hilo ni kweli jana, leo na kesho.

Tahadhari juu ya -nge- na -ngali-

Mwalimu atakayetumia Kiswahili kama daraja hana budi kulijua daraja lenyewe. Vitabu vya sarufi vya zamani, kama kile cha E. O. Ashton kilichotoka mwaka 1944, hutenganisha -nge- na -ngali-: ya kwanza kwa jambo la sasa, ya pili kwa jambo lililopita. Laiti watu wote wangesema hivyo, kazi yetu ingekuwa nyepesi: -nge- ingekuwa mtumbwi wa pili, -ngali- ingekuwa mtumbwi wa tatu. Lakini sivyo watu wasemavyo. Kila siku twasikia “Ungeniambia jana, ningekuja,” na kila mtu huelewa kwamba jana imepita.

Kwa hiyo mwalimu asimwambie mtoto kwamba kila -nge- ni “would” ya hatua ya pili. Amwulize swali: “Lini?” Kama jibu ni “sasa” au “siku yoyote”, mtoto yuko kwenye mtumbwi wa pili. Kama jibu ni “jana” au “mwaka jana”, yuko kwenye wa tatu. Kiswahili humwachia msikilizaji autambue wakati. Kiingereza hudai wakati uonekane katika kitenzi. Mwalimu asiyeijua tofauti hiyo atawasahihisha watoto pasipo kosa, na kuwaacha penye kosa.

Vilevile tuwaangalie wanaotumia “kama” pamoja na -ta-: “Kama mvua itanyesha, mto utajaa.” Kutoka hapo huzaliwa “If it will rain, the river will rise.” Dawa yake iko ndani ya Kiswahili chenyewe. Mwambie mtoto aiseme upya kwa -ki-: “Mvua ikinyesha, mto utajaa.” Ataona kwamba -ta- imebaki upande mmoja tu, upande wa matokeo. Huko ndiko “will” inakokaa: “If it rains, the river will rise.” Hapa Kiswahili kimekuwa mwalimu msaidizi, wala hakigharimu kitu.

Hoja za wanaopinga

Wako wenzetu wanaosema kwamba katika kipindi cha Kiingereza lisisikike neno hata moja la Kiswahili. Twaiheshimu hoja yao, kwa maana ni kweli kwamba mtoto wa kijijini husikia Kiingereza darasani tu, na kila dakika ya Kiswahili ni dakika iliyopunguzwa. Lakini tuulize: yule msichana wa Matema alikuwa akifikiri kwa lugha gani? Kiswahili kilikuwamo darasani tangu mwanzo, ndani ya kichwa chake, kikimpeleka kwenye kosa bila mtu kujua. Sisi twashauri kitolewe nje kwa dakika tano, kitazamwe, kilinganishwe, kisha kiwekwe kando na kipindi kiendelee kwa Kiingereza. Kufundisha kipindi kizima kwa Kiswahili ni jambo jingine, nasi hatuliungi mkono.

Wengine husema kwamba mtihani hauulizi maana. Huuliza jibu la kuchagua, na kanuni zatosha. Na watazame swali la namna hii: “If I ____ a canoe, I would go to Matema,” na majibu yakiwa “have”, “had”, “will have” na “would have”. Mtoto aliyekariri safu tatu hana budi kuikumbuka safu iliyo sahihi. Mtoto aliyeelewa ataiona “would go” upande wa pili, atajua kwamba yuko kwenye mtumbwi unaoelea, na atachagua “had”. Aliyeelewa hana hasara hata kwa mtihani.

Tena safari ya mtoto haikomi kwenye mtihani wa shule ya msingi. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, lakini mtoto huyo huyo akiingia sekondari hukutana na hisabati, fizikia na jiografia kwa Kiingereza. Huko “if” imejaa kila ukurasa. “If 3 kilograms of rice are shared equally by 6 families, how much does each family get?” Mwanafunzi anayedhani kwamba “if” daima huleta shaka atajiuliza kama mchele huo upo au haupo. Hajaambiwa kwamba hapa maana yake ni “chukulia kwamba”. Tukimwacha aende bila kujua hayo, atahesabiwa mjinga wa hisabati ilhali kilichomshinda ni neno lenye herufi mbili.

Tunalowasihi wanachuo

Kwanza, kabla ya kuandika andalio la somo juu ya masharti, tunga sentensi kumi kwa Kiswahili kutokana na maisha ya mahali unapokwenda kufundisha: mpunga, kakao, mito Mbaka na Lufilyo ifurikapo, mbasa wapandapo mtoni kutaga mayai, boti, soko. Kisha zipange: zipi ni hakika, zipi ni shaka, zipi ni za kuwaza tu, zipi zimekwisha pita. Ukishindwa kuzipanga wewe mwenyewe, hujawa tayari kufundisha.

Pili, usianze na namba za aina. Anza na maana, fuata na umbo, na namba zije mwisho kabisa kama majina ya vitu ambavyo watoto wamekwisha vijua. Mkato wa kutenganisha vishazi, na umbo la “were” katika “If I were you”, vielezwe kwa ufupi vinapojitokeza. Visile kipindi kizima.

Tatu, mtoto akikosea, usiharakishe kushika chaki nyekundu. Mwulize: “Ulitaka kusema nini?” Mwache aseme kwa Kiswahili. Mara nyingi utaona kwamba alijua maana kuliko wewe ulivyojua kosa lake. Na mtoto akipata, mwulize swali lile lile. Kwa maana yule mvulana wa usipa alipata, na bado sentensi yake haikuwa yake.

Hatusemi kwamba mambo haya ni mepesi kwa mwalimu mwenye wanafunzi themanini na kitabu kimoja kwa madawati matatu. Hataweza kusikia sentensi ya kila mtoto katika kila kipindi. Lakini aweza kusikia za safu moja leo na za safu nyingine kesho, na hao wengine wakasikiliza na kusahihishana. Wiki mbili zikipita, kila mtoto atakuwa amesema jambo moja la kwake.

Lugha ya masharti ni lugha ya kufikiri. Kwayo mtu hupima hatari kabla ya kuvuka mto uliojaa, huwaza maisha asiyo nayo bado, na hujutia lililopita ili kesho asilirudie. Watoto wa Kyela wanayafanya hayo yote kila siku kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa. Kazi yetu ni kuwapa njia ya kuyafanya kwa Kiingereza pia, bila kuwapokonya maana waliyokuja nayo. Wenzetu walimu wakifika shuleni na kumkuta mtoto mwingine anayetamani mtumbwi wa kwenda Matema, twaomba wamwulize kwanza habari za safari yake. Kitenzi kitafuata.